Namna ya Kumfikisha Rafiki kwa Bendi Asiyoijua

Natengeneza spika na amplifaya hapa Kabwe, Mbeya, huu mwaka wa kumi na saba. Vyombo vya bendi vikiungua vinaletwa kwangu, vya kwaya pia, na mara nyingi mwenye chombo anapungukiwa hela, basi ananiambia, "Fundi, Ijumaa tunapiga, njoo utaingia bure." Nusu ya wanamuziki ninaowapenda niliwasikia kwa njia hiyo. Wengi wao hawajapigwa redioni hata siku moja. Kazi ya kuwafikisha kwenye masikio ya watu nimeifanya kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, na nimeona kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi.

Kisichofanya kazi ni kumrushia mtu nyimbo kumi na mbili kwa mpigo na kumwandikia "hawa jamaa ni hatari." Hatafungua hata mmoja.

Anza na sikio la mtu, bendi ije baadaye. Muulize anasikiliza nini akiwa peke yake, akipika au akiendesha gari. Jirani yangu anauza mchele wa Kyela, mama wa makamo, na kwake muziki ni Sikinde, ile bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1978. Ukimwambia kuna vijana wanapiga dansi Mafiati atakujibu kuwa vijana siku hizi hawajui magitaa. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, pale kuna kijana wa ridhimu anajibizana na solo vizuri sana. Njoo usikilize magitaa tu, waimbaji waache." Alikuja kwa ajili ya magitaa, akakaa mpaka saa saba usiku.

Kijana wa bajaji anayempenda Izzo Bizness usimpeleke huko. Huyo mtafutie marapa wa mtaani wanaorekodi kwenye studio za chumba kimoja Soweto na Ilomba, wanaochana kwa lafudhi yetu na kutaja Mwanjelwa na Nzovwe kama wanavyotaja majina ya ndugu zao. Atajikuta mwenyewe ndani ya wimbo. Na mwanakwaya mpeleke kwenye tarumbeta. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo ukipita Tukuyu siku ya sikukuu ya kanisa utasikia vikundi vya tarumbeta ambavyo watu wa Dar es Salaam hawajui kama vipo. Akizipenda hizo, mwezi unaofuata mwambie kuhusu mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma iliyoiga gwaride la askari wa kikoloni. Wachezaji wanapuliza vibuyu vyenye mlio unaokaribia tarumbeta, wakipiga hatua kwa mstari. Sikio lake litakuwa tayari.

Usimfananishe mwanamuziki wako na mkubwa. Kosa hilo nimelifanya. Nilimleta rafiki kutoka Makambako nikimwambia kuna "Mbaraka Mwinshehe mwingine," na usiku kucha alikuwa anamtafuta Mbaraka kwenye vidole vya yule kijana. Kijana mwenyewe hakumsikia. Sasa nataja kitu kimoja ambacho mtu huyo anakifanya na ambacho msikilizaji anaweza kukihakiki: anaimba chini chini kisha anapandisha sauti kwenye kiitikio cha pili, mpiga besi hachezi sana lakini kila akigusa watu wanatikisa vichwa, wimbo wa mazishi ya baba yake una ubeti wa Kinyakyusa katikati. Ukishindwa kutaja kitu kimoja cha namna hiyo, hujasikiliza vya kutosha. Rudi usikilize tena.

Sasa niseme juu ya majina, maana hapa ndipo tunapowapoteza wanamuziki wetu.

Nimekulia Iringa, Mlandege. Baba alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha kuchonga almasi cha TANCUT, na kiwanda hicho kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Miaka ya 1980 aliwahi kunipeleka kwenye dansi la mchana. Akanibeba mabegani akawa ananionyesha kwa kidole: "Yule Kasaloo Kyanga. Yule pacha wake, Kyanga Songa." Sikuelewa maneno ya nyimbo, lakini majina niliyabeba mpaka utu uzima, na kwa majina hayo nikaweza kuzitafuta nyimbo zao nilipoanza kujitegemea.

Leo wimbo mzuri unazunguka kwenye flashi za daladala zote za Uyole ukiitwa "Track 07" au "new song kali." Abiria anaupenda, anamuuliza konda ni nani huyu, konda hajui. Mwanamuziki yupo, pengine amekaa siti ya nyuma. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu wimbo, badilisha jina la faili. Andika jina la mwanamuziki au bendi, jina la wimbo, mji na mwaka. Wimbo ukipita kwenye simu mia, jina linapita nao. Nina daftari la kaunta pale kazini, ukurasa mmoja kwa kila bendi: nani anapiga solo, nani tumba, nani ametunga wimbo gani. Mwanamuziki akija na chombo namuuliza, na nimeona wanavyofurahi. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Ukirekodi mwenyewe kwa simu, omba ruhusa kwanza. Kisha kaa mbali na spika, maana ukisogea sana maiki ya simu inazidiwa na unabaki na mkwaruzo tu. Dakika moja inatosha. Ukituma WhatsApp, itume kama dokumenti ili isibanwe ikapoteza ubora. Besi ndiyo inayoumia zaidi ikibanwa. Na mwambie mtu asikilize wapi: "Ngoja mpaka solo iingie, usikate kabla." Wimbo mmoja tu. Akiuomba wa pili ndipo umtumie.

Lakini bendi ya jukwaani haimalizwi na simu, lazima umpeleke mtu. Hapa majina ya kumbi siyaandiki, kwa sababu bendi nyingi ndogo zinapiga kwa vyombo vya mtu mwingine. Mwenye vyombo akivichukua, bendi imelala, hata kama Jumamosi iliyopita ilijaza watu. Kwa hiyo piga simu mchana wa siku yenyewe, usitegemee bango lililobandikwa kwenye nguzo.

Mwambie rafiki yako ukweli wa saa. Tangazo likisema saa mbili usiku, muziki wenyewe ni saa nne. Mwambie pia kwamba mwanzoni bendi inapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwa kuwa wateja wanaokula wanataka wanachokijua. Nyimbo zao wenyewe zinakuja baadaye. Wengi wanaondoka saa tano wakisema "hawa ni wa kopi tu," na wamekosa kile walichofuata. Ukitaka wimbo wao uje mapema, nenda kamtunze mwimbaji, mwambie sikioni jina la wimbo. Akisikia jina la wimbo wake mwenyewe kinywani mwa mteja, ataupiga kwa moyo wote.

Meza msikae mbele ya spika. Kaeni karibu na fundi mitambo, kwa sababu yeye anapanga sauti kwa masikio yake, na pale alipo ndipo vyombo vyote vinasikika kwa uwiano. Mkumbushe koti: Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na mtu anayetetemeka hasikilizi. Panga usafiri wa kurudi kabla hamjatoka. Kiingilio chake cha kwanza lipa wewe. Cha pili alipe mwenyewe, na ukiona analipa bila kuombwa, bendi imepata mtu.

Kwa wapigaji wa vijijini utaratibu ni mwingine. Uheheni bado kuna sifa za ligombo, ala ya nyuzi zilizopitishwa juu ya ubao uliochongwa shimo, na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa asili, Wahehe wakiwamo, na rekodi za namna hiyo zinafaa kumwandaa mtu ambaye hajawahi kuisikia. Ukimpata mzee anayepiga, usiende na kundi la watu wanne wenye simu mkononi. Nenda na mmoja, pitia kwa mtu wa familia yake, salimia "kamwene" na usubiri mazungumzo yaishe. Beba sukari au sabuni. Akikataa kurekodiwa, mlete tu msikilizaji mwingine siku nyingine, naye asikilize kwa masikio yake.

Baada ya siku tatu nne usimuulize rafiki yako kama amependa. Atasema ndiyo kwa heshima. Muulize ni sehemu gani aliirudia. Asipokuwa na jibu, hukulenga sikio lake, mtafutie mwingine. Yule mama wa mchele sikumuuliza kitu. Jumatatu alisimama mlangoni kwangu na kilo mbili kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Fundi, huu mpe yule kijana wa ridhimu. Halafu niambie, anaitwa nani?"

Nikafungua daftari.