Mboga za Mwezi, Matunda ya Miaka: Kulipanga Konde la Nyumbani Unguja na Pemba

Anayeanza kulima matunda na mboga nyuma ya nyumba yake, awe Donge au Machomane, mara nyingi hupanda miembe na mishokishoki peke yake akachoka kungoja, au hupanda mchicha peke yake akaona kwamba kazi ya kila siku haimwachii kitu cha kudumu. Njia iliyo nafuu ni kuchanganya mimea ya umri tofauti katika konde moja, ili ile ya mwezi mmoja imlishe mkulima wakati anapoingoja ile ya miaka minne au mitano, na maji yanayomwagiliwa mboga yaunufaishe pia mche uliopandwa pembeni.

Ijue kwanza ardhi yako. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba udongo una kina na miti mikubwa husimama bila ya tabu, lakini Makunduchi, Matemwe au Micheweni mtu hukuta maweni, ambako udongo umejikusanya katika mifuko ya mawe tu. Huko hakuna haja ya kulazimisha matuta marefu. Tafuta mifuko yenye kina, ijaze mboji, kisha panda mti mmoja mmoja. Udongo wa maweni una chokaa nyingi, na dalili yake huonekana kwenye majani machanga, ambayo hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hivyo, kuongeza maji hakutasaidia kitu, kwani kinachotakiwa ni mboji na samadi iliyooza, tena kwa wingi. Maji ya kisima nayo yaonje kabla ya kuyatumia, maana yakiwa na chumvi huunguza kingo za majani ya mboga, hasa wakati wa Kaskazi ambapo hakuna mvua ya kuiteremsha chumvi hiyo chini.

Mboji ianze kutayarishwa miezi mitatu kabla ya kupanda. Panga tabaka za majani mabichi, majani makavu na samadi, uzirowanishe, uzifunike kwa makuti, na ugeuze rundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Imeiva pale inapokuwa nyeusi, imepoa hata katikati, na haina tena harufu ya kinyesi. Wapo wanaotumia samadi mbichi kwa haraka zao, na matokeo yake ni mizizi kuungua.

Miche ya miti hupandwa Masika yanapoanza, mwezi wa Machi, ili mvua ifanye kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na ndoo. Mashimo yachimbwe mapema, sentimita 60 kila upande na kwenda chini, na udongo wa juu utengwe na wa chini. Ule wa juu ndio unaochanganywa na debe moja la samadi iliyooza na kurudishwa kwenye mizizi. Kati ya mshokishoki na mwenziwe acha mita nane hadi kumi, hata kama nafasi hiyo inaonekana kuwa ya bure leo.

Mshokishoki unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaowavunja wengi moyo. Mbegu yake haihifadhiki: ikikauka hufa, hivyo hufukiwa ndani ya siku chache baada ya tunda kuliwa. Lakini mti wa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi, na baadhi ya miti hiyo huwa ni midume isiyotoa chochote isipokuwa maua. Kumwagilia dume kwa miaka yote hiyo ni adhabu asiyostahili mtu, kwa hiyo ni bora kununua mche uliobebeshwa, yaani wenye kitawi cha mti unaozaa kilichounganishwa juu ya shina la mche mwingine, kutoka kitalu kinachoaminika. Unapoupanda, kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo, na kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo hicho likatwe mara moja, la sivyo shina la chini litakinyang'anya chakula kitawi kilichobebeshwa. Mche uwekewe kivuli cha makuti, na chini yake yatandazwe majani makavu au makumbi ya nazi yasiyogusa shina.

Katika nafasi zilizobaki ingia na mboga. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Tungule, yaani nyanya, huoza kwa ukungu katikati ya Masika, hivyo mbegu zipandwe kitaluni mwezi wa Mei na miche ihamishwe mwezi wa Juni, jioni, inapokuwa na majani manne. Maji yaelekezwe kwenye shina badala ya majani. Kila asubuhi geuza majani machache: ukiona mabaka meupe yaliyokauka mithili ya kuungua, na kiwavi mdogo ndani ya ngozi ya jani, huyo ni kantangaze, chuma jani hilo ulichome, usilitupe pembeni. Bamia zichumwe kila baada ya siku mbili, na ya kuchumwa huijua kwa kuivunja ncha, ambayo hukatika mara moja ikiwa changa na hupinda ikiwa imekomaa.

Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakutaja ndoo zilizomo kati ya kuvumilia na kula. Wakati wa Kaskazi, chomeka kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia, na ni bora kumwaga maji mengi kwa nafasi kuliko kunyunyiza kidogo kila saa.

Miti itakapoanza kuzaa, okota kila siku matunda yaliyoanguka na uyafukie nusu mita chini, kwa sababu ndani yake ndimo wanamokulia inzi wa matunda. Maua ya mwaka wa kwanza ya mti uliobebeshwa yaondoe, ingawa mkono utasita, ili mti ujenge matawi kwanza. Mashokishoki nayo yaache mtini mpaka yaenee wekundu, kisha ukate kishada kizima pamoja na kikonyo chake, kwani likichumwa bichi haliivii ndani.