Wimbo wa kwanza wa hausi hadi seti ya kwanza ya DJ: patanisha kiki na besi

Hatua ya 1. Chagua programu moja, Ableton Live au FL Studio, ukae nayo. Anayehamahama hamalizi wimbo. Weka BPM (mapigo kwa dakika) 125, kiki, yaani ngoma nzito ya chini, kila pigo, makofi kwenye pigo la pili na la nne.

Hatua ya 2. Kiki na besi. Usiende mbele kabla hazijapatana. Hakuna masta (ung'arishaji wa mwisho wa sauti) itakayokuokoa. Kila moja ikisikika nono peke yake lakini zikiwa pamoja zinafifia, usiongeze sauti. Mawimbi yanapingana: moja linapanda, lingine linashuka. Geuza poleriti ya besi, yaani wimbi lake lipinduke juu chini. Uzito ukirudi, iache hivyo. Na kama noti moja ina uzito na inayofuata haina, tatizo ni osileta ya sinthi, sehemu inayozalisha wimbi la sauti: inaanzia popote kwenye wimbi. Ilazimishe ianze upya kila noti.

Kisha weka kompresa (kibana sauti) kwenye besi, iendeshwe na kiki, ili besi ishuke kila kiki inapopiga. Kwa BPM 125 pigo moja ni milisekunde 480, kwa hiyo besi ya katikati ya mapigo huingia kwenye 240. Muda wa kuachia uwe kama milisekunde 120. Ukikaribia 240, besi itaingia ikiwa bado imebanwa. Muda wa kubana usiuweke sifuri kabisa, utasikia "tik" kila kiki inapopiga. Chini ya heza 120 weka kila kitu mono, sauti ileile kushoto na kulia. Haya yote yasikilize kwenye hedifoni nzuri: besi ya noti ya G iko heza 49, na spika za laptopu haziitoi hata kidogo.

Hatua ya 3. Mwanzoni na mwishoni acha baa 32 (baa moja ni mapigo manne) za midundo mitupu, kama dakika moja, DJ apate pa kuunganishia.

Hatua ya 4. Toa WAV ya biti 24, kilele kisizidi desibeli -6, bila limita (kizuia vilele). Ndiyo ya kupeleka kwenye masta.

Hatua ya 5. Flashi mbili zenye nyimbo zilezile, zote kwa mfumo wa FAT32. CDJ (deki za DJ) za zamani hazisomi mfumo wa exFAT. Zijaze kupitia programu ya rekordbox, ukague gridi (alama za mapigo) ya kila wimbo, maana gridi ikikosea, sinki, kitufe cha kulinganisha kasi chenyewe, nayo inakosea.

Kwa hiyo jifunze kuoanisha nyimbo mbili kwa masikio, skrini umeifunika. Kiki zikianza kusikika kama michi miwili iliyopotezana kwenye kinu kimoja, sukuma sahani ya wimbo unaochelewa mpaka zipige pamoja, ndipo uguse kitelezi cha kasi. Zikiachana tena baada ya baa nane, kasi bado haijalingana: wimbo uleule ukichelewa tena, sogeza kitelezi kidogo zaidi upande uleule; ukiwa sasa unatangulia, kirudishe kidogo.