Namna ya kuitumia sheria ya kimataifa dola inapokuvunjia haki

Wengi wanaonijia na malalamiko dhidi ya serikali yao wanakuja na Tamko la Haki za Binadamu la 10 Desemba 1948. Wamelisoma, na maneno yake ni mazito kweli. Lakini Tamko hilo si mkataba, na halina kamati ya kupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo tunaliweka kando kwanza, tunaangalia nchi yao imeridhia nini.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa majalada ya aina hii. Sheria ya kimataifa inalinda, naliamini hilo kwa dhati, ila haina polisi wake. Inakulinda kwa kadiri dola ilivyokubali kushtakiwa, na kwa kadiri ulivyotunza ushahidi tangu siku ya kwanza.

Angalia kama unaruhusiwa kulalamika

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 umeridhiwa na nchi zaidi ya 170. Hata hivyo, ruhusa ya mtu binafsi kulalamika iko kwenye Itifaki yake ya Hiari ya Kwanza, yaani hati ya nyongeza ambayo nchi huiridhia peke yake, na waliojiunga nayo ni wachache zaidi. Kwa Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984, nchi iwe imetoa tamko la kukubali malalamiko ya watu binafsi chini ya kifungu cha 22. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha nayo inadai tamko la namna hiyo, na yapo mataifa yaliyoliondoa: Rwanda 2016, Tanzania 2019, Benin 2020. Orodha za kuridhia mikataba ile miwili na itifaki yake ziko wazi kwenye tovuti ya mikataba ya Umoja wa Mataifa. Soma pia masharti ambayo nchi iliyaweka iliporidhia, maana wakati mwingine kifungu unachokitegemea ndicho kilichowekwa kando.

Pigania mahakama za nyumbani kwanza

Majalada mengi yanafia hapa. Kamati ya Haki za Binadamu, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoko Geneva kinachosimamia ule Mkataba wa 1966, haipokei shauri kabla hujamaliza ngazi zote za rufaa nchini mwako, isipokuwa kama zimevutwa mno au haziwezi kukupa nafuu yoyote. Kusema tu kwamba mahakama haziaminiki hakutoshi, onyesha.

Tena haitoshi kushindwa rufaa. Lazima hoja yenyewe iwe ilisikika huko. Mtu amepigwa akiwa mahabusu, halafu kesi nzima ikabishaniwa juu ya makosa ya hati ya mashtaka; kipigo hakikutajwa hata mara moja mbele ya hakimu. Miaka inapita, anataka kulipeleka lile la kipigo Geneva. Litakataliwa. Mwambie wakili wako alitaje tangu mahakama ya chini kabisa, na uhakikishe limeingia kwenye mwenendo wa kesi.

Mama mmoja ambaye mwanawe alikamatwa bila hati alikuja na daftari la shule. "Mwanangu, waandikie waje wamtoe," akaniambia, akimaanisha Umoja wa Mataifa. Nikamjibu: "Mama, hawaji. Ila wataandika, na watakachoandika kitatufaa." Kwenye daftari alikuwa amepanga kila siku aliyokwenda kituoni, saa, na jibu alilopewa. Mstari mmoja ulisema: saa nne, nimeambiwa hayupo. Chini yake: nimeona viatu vyake nyuma ya kaunta. Sijapata ushahidi mzuri kuliko ule kutoka kwa mtu ambaye hakusomea sheria.

Andika

Kuiandikia Kamati huhitaji wakili wala kulipa ada. Kiswahili hakipokelewi, tumia Kiingereza, Kifaransa, Kihispania au Kirusi. Jina lako lazima liwepo, ingawa unaweza kuomba lisitangazwe. Panga matukio kwa tarehe, na kila dai liwe na kielelezo chake chenye namba. Shauri lisiwe linachunguzwa na chombo kingine cha kimataifa wakati huohuo. Ukikaa zaidi ya miaka 5 tangu uamuzi wa mwisho wa nyumbani, uwe na sababu nzito.

Kama maisha yako hatarini

Iombe Kamati hatua za dharura, dola izuiwe kutekeleza jambo lisilorekebishika. Mara nyingi dola hutii. Si zote: mwaka 1999 Ufilipino iliwaua watu watatu kwa sindano ya sumu huku Kamati imeomba wasiguswe. Kwa aliyewekwa kizuizini kiholela kuna Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa 1991. Hakidai umalize rufaa, wala nchi iwe imeridhia itifaki yoyote. Shauri la yule mama tulilipeleka huko.

Baada ya hapo

Kamati huipa dola miezi 6 kujibu, na uamuzi wenyewe huweza kuchukua miaka. Sandra Lovelace, mwanamke wa jamii ya Wamaliseet wa Kanada, alipoteza hadhi yake ya kisheria kama mtu wa jamii za asili kwa kuolewa na mtu asiye wa jamii za asili. Mwanamume wa jamii hiyo akioa nje hakupoteza chochote. Sandra alilalamika mwishoni mwa 1977, Kamati ikampa haki 1981, sheria ikabadilishwa 1985. Katikati yake wanawake wenzake walitembea kwa miguu hadi Ottawa. Kamati haikuwa na uwezo wa kuifuta sheria ile; iliwapa wale wanawake hoja ambayo serikali haikuweza kuikwepa.

Kwa hiyo uamuzi ukitoka, usiuweke kabatini. Peleka nakala kwa wabunge, kwa waandishi wa habari, na kwa wakili wako autumie mahakamani. Kwa kawaida dola hupewa siku 180 kueleza imefanya nini. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona. Ikifika, iandikie Kamati wewe mwenyewe: kipi kimetekelezwa, kipi hakijaguswa, na uthibitisho wa kila kimoja.