Mbwa anachimba bustani na kubweka ovyo? Mchoshe pua

Mi nafundisha mbwa hapa Moshi na simu ninazopigiwa ni zilezile, oh mbwa wangu mkorofi, anatafuna malapa, anabweka mpaka majirani wananuna. Ukienda unakuta kafungiwa bandani toka asubuhi mpaka usiku, hana hata pa kuchungulia, sasa hapo mlitegemea nini? Kaboreka tu. Fanyeni hivi.

Hatua ya 1: mtoe jua likiwa bado halijachachamaa. Saa kumi na mbili asubuhi ni poa, au jioni baada ya saa kumi na moja, hasa sisi wa Moshi maana huku joto limezidi la Arusha na mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema ulimi nje. Kama mnapita kwenye lami, weka mgongo wa mkono chini uhesabu taratibu mpaka saba, ukishindwa kuvumilia basi na nyayo zake zitaungua. Kamba iwe fupi, bodaboda hawana breki za huruma. Na mnaomfunga nyuma ya pikipiki mnaita mazoezi, acheni jamani. Mtoto chini ya mwaka ndo kabisa usimkimbize umbali mrefu, mifupa haijakomaa.

Hatua ya 2: mwache anuse. Wengi wanavuta kamba twende twende, wakati pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu mpaka milioni 300 na sisi tuna kama milioni 6, yani ile nguzo ya umeme kwake ni magazeti ya mtaa mzima. Mpe muda asome.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe: chakula akitafute. Chukua dagaa wasio na chumvi, mwambie kaa, muonyeshe mmoja afu mfunike na kopo mbele yake. Akishaelewa, mfungie ndani kidogo, ficha wengine nyuma ya ndoo, ndani ya tairi bovu, chini ya majani ya mgomba, mfungulie. Mwangalie sasa, pua chini, anapuliza vumbi fff fff, anapitiliza, anageuka ghafla kurudi palepale. Usimuonyeshe kwa kidole hata akizunguka sana, unamharibia. Siku nyingine tia dagaa kwenye chupa tupu ya maji, toa kizibo na ile ringi yake asije akameza, aisukume mwenyewe mpaka watoke, ila akianza kula plastiki mnyang'anye. Wengi wakimaliza wanajilaza wenyewe.

Hatua ya 4: kabla hamjaanza kutoka nje hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, irudieni kama daktari wa mifugo alivyopanga, na mkirudi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Afu mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe eti apate cha kutafuna, inapasuka vipande vikali vinamchana tumbo. Mpe kamba nene ya katani uliyoifunga mafundo, mvutane nayo.