Umejuaje? Namna ninavyowaongoza wanafunzi kutafiti na kutaja vyanzo

Kila muhula hapa Bagamoyo hunifikia angalau kazi moja yenye sentensi hii: "David Livingstone alifia Bagamoyo." Mmisionari na mpelelezi huyo Mskoti hakufia hapa. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wakaubeba mwili mpaka pwani, ukafika Bagamoyo Februari 1874, ukalala kwenye misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwanafunzi mmoja aliliona jina lake kwenye mnara, akajazia mengine kichwani. Wenzake wanne wakadesa. Tangu hapo swali langu ni moja, na wameshanichoka nalo: umejuaje?

Hatua ya 1: Punguza mada. "Historia ya Bagamoyo" ni bahari. Mpe swali linalojibika kwa kurasa nane: kwa nini Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891? Kisha mpeleke ufukweni maji yakipwa. Jahazi hulala mchangani likangoja maji yajae. Meli kubwa ya moshi ilibidi itie nanga mbali. Akishaona hivyo, akifungua kitabu anajua anachokitafuta.

Hatua ya 2: Chanzo kwanza, taarifa baadaye. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo tusiharakishe. Achore mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto aandike mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mji, mchapishaji na ukurasa. Kulia aandike alichosoma. Kushoto kukiwa kutupu, kulia kusiguswe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni niliokota takwimu tamu sana ya biashara ya pembe za ndovu, nikaiandika nyuma ya risiti ya steshenari. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi nilipekua vitabu sita nisiione. Nikaifuta, na aya nzima ikaanguka nayo. Namba ya ukurasa ndiyo husahaulika kuliko vyote. Mwenye simu apige picha jalada, ukurasa wenye mwaka na mchapishaji, halafu ukurasa aliousoma.

Akinakili maneno ya mwandishi kama yalivyo, aweke alama za kunukuu palepale daftarini. Asipoweka, baada ya wiki mbili ataapa ni maneno yake, wala hatakuwa anadanganya.

Hatua ya 3: Wazee nao ni chanzo. Muulize mtu maana ya jina Bagamoyo. Mmoja atakwambia ni "bwaga moyo", wapagazi walipotua mizigo wakapumua. Mwingine atasema ni watumwa walioacha mioyo yao hapa kabla ya kupandishwa majahazini. Mwanafunzi asijifanye hakimu. Aandike nani kasema nini. Aanze na shikamoo, aombe ruhusa ya kurekodi na ya kutaja jina. Mzee asipotaka jina lake litajwe, inatosha: "Mvuvi mstaafu, mahojiano ya ana kwa ana, Kaole", na tarehe. Maandishi ya ubao wa makumbusho nayo hutajwa: jina la makumbusho, mji, siku aliyoyasoma.

Hatua ya 4: Mtandaoni. Wikipedia ni mlango, si chumba. Ateremke mpaka kwenye tanbihi, akasome kile ilichokisoma. Akili mnemba ni hatari zaidi: hutunga kitabu, mwandishi na mwaka bila kupepesa macho. Kitabu ambacho hajakishika wala kukifungua kisiingie kwenye marejeo.

Hatua ya 5: Marejeo. Hii ni rahisi kama daftari limejaa. Ndani ya kazi: jina la mwandishi, mwaka, ukurasa, kwenye mabano. Mwishoni: orodha kwa alfabeti. Muundo ni ule shule inaoutaka, mradi asiuchanganye na mwingine.

Hatua ya 6: Kikao cha "umejuaje". Kabla hajakusanya, nafumba macho nachomeka penseli kwenye kazi yake mara tatu. Kila sentensi iliyoguswa, anifungulie daftari. Muhula uliopita penseli iliangukia sentensi ya binti wa kidato cha tatu kuhusu jahazi kulala mchangani. Akafunua ukurasa, akanigeuzia. Kushoto ameandika jina lake mwenyewe, "ufukweni", Jumamosi, saa nne asubuhi.