SOMO: Vipuri vya kompyuta ya sebuleni isiyopiga kelele (someni mpaka mwisho kabla hamjaniuliza feni)

Wakuu, wiki hii peke yake watu watano wameniuliza kitu kimoja, "kaka feni gani haipigi kelele nifunge kwenye kompyuta ya sebuleni", na wote nimewajibu yaleyale mpaka vidole vimeuma, kwa hiyo naandika hapa mara moja, akija wa sita namrushia hili.

Naongelea kompyuta iliyochomekwa kwenye TV, ya kuangalia muvi, video za familia, mpira, miziki. Siyo ya magemu makubwa. Wa magemu nawaheshimu ila somo lenu siyo hili.

Na jibu la feni nalitoa mapema: feni haina kosa. Feni inalia kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imechemka, na prosesa imechemka kwa sababu umeibebesha mzigo usio wake. Tuanze.

1. Angalia TV yako. Kama ni Full HD na video zako ni Full HD, chukua kakompyuta kadogo kokote ka ofisi ka mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4 kupanda (kusoma kizazi kuko hatua ya 2), kasafishe vumbi, ukalale. Wenye 4K (pikseli mara nne ya Full HD) tuendelee.

2. Prosesa. Hapa ndipo nilipoliwa hela, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mwaka 2021 nilienda Kariakoo nikarudi na kompyuta kubwa ya mnara, i7-6700. Muuzaji kaniambia "bosi hii i7, inabeba chochote", na mimi neno i7 likaniingia kichwani kama soda ya baridi. Jumapili yake ndugu wamejaa sebuleni kuangalia sendoff ya mdogo wangu, binamu ameipiga yote kwa iPhone, 4K yenye HDR, ile ya mwanga na rangi pana zaidi. Nikabonyeza. Dakika haijaisha feni inanguruma, MC anafungua mdomo hasikiki, picha inakwamakwama, mdogo wangu anaingia ukumbini kwa kurukaruka kama anakanyaga makaa. Mama mkwe alikuwa kochi la karibu na TV, akageuka taratibu, "baba Nasra, umeme umekatika? mmewasha jenereta?"

Kesho yake nikanunua feni. Wiki iliyofuata feni nyingine. Halafu hitisinki kubwa (chuma cha kupoza prosesa) ambayo kasha lilikataa kufunga nikaacha ubavu wazi, mjusi akahamia. Kelele ilipungua kidogo tu, picha bado inaruka. Siku nilipopata akili nikafungua Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha prosesa inavyohangaika, video ikiwa inacheza nikakuta prosesa iko 100%, ndo nikaelewa kwamba nilikuwa natibu homa kwa kupepea.

Iko hivi. Ndani ya prosesa za Intel zenye grafiki kuna kipande cha peke yake cha kufungua video, wanakiita Quick Sync. Kila video imebanwa kwa mtindo wake, unaitwa kodeki. Kipande kikiwa kinaijua kodeki hiyo, kinafanya kazi chenyewe, prosesa inabaki imepumzika na feni haina sababu ya kukimbia. Kikiwa hakiijui, kazi yote inarudi kwa prosesa na inafanya kwa nguvu, sawa na kumnyang'anya fundi cherehani umwambie suti ashone kwa mkono. Ile video ya iPhone ya HDR ni kodeki ya HEVC ya biti 10 (biti zikizidi, ngazi za rangi zinazidi). Kizazi cha 6 kipande chake kinafungua HEVC ya biti 8, ya 10 ni juu yako.

Kwa hiyo shika hivi: kuanzia kizazi cha 7 (2017) unapata HEVC ya biti 10 na VP9, hiyo VP9 ndo YouTube wanaitumia sana kwenye 4K. AV1, kodeki mpya zaidi, kwa kompyuta za mezani inaanza kizazi cha 11. Halafu kuna prosesa ya Intel N100 ya 2023, kadude ka wati 6 tu, kanafungua zote hizo. Kwenye kazi hii i3 ya kizazi cha 7 inaiaibisha i7 ya kizazi cha 6, mimi nimeziona zote mbili kwenye TV ileile.

Jinsi ya kusoma: i5-7500T, ile 7 ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi. Zenye tarakimu tano soma mbili za kwanza, i5-11400 ni kizazi cha 11. T mwishoni maana yake wati 35, nyingi za mezani zisizo na herufi ni 65, na kila wati ni joto ambalo feni italitoa. Ikiishia na F kimbia, haina grafiki ndani.

TAHADHARI, na hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna mtu ataruka: NENDA DUKANI NA FLESHI YENYE VIDEO YAKO NZITO KULIKO ZOTE. Ichezeshe kwa programu ya VLC dakika tano na Task Manager iko wazi kabla hujatoa hata mia. Prosesa ikikaa chini ya asilimia 20, lipa. Ikipanda 80, shukuru uondoke, usisikilize stika. Na usitumie ile programu ya video ya Windows kwenye jaribio, bila nyongeza ya HEVC haifungui kabisa na muuzaji atakwambia faili lako bovu.

3. Tundu la HDMI. Kompyuta nyingi za ofisi za kizazi cha 7 na 8 HDMI yake ni 1.4, yaani 4K kwa hezi 30 tu (picha 30 kwa sekunde), ukisogeza mausi inaburuzika. Tumia tundu la DisplayPort na adapta ya kwenda HDMI 2.0, ila iwe ile yenye chipu ndani, ile adapta ya bei ya vocha haifiki 60.

4. Ramu. GB 8, vipande viwili vya 4. N100 mara nyingi ina tundu moja, weka kimoja cha 8.

5. Diski. SSD (diski isiyozunguka, haina kelele) ya GB 256 kwa mfumo. Hadidiski kubwa ya muvi usiiweke sebuleni, inakoroma na inatikisa kabati. Yangu iko chumbani imevuta waya wa netiweki, programu ya Jellyfin inanirushia kila kitu mpaka sebuleni.

6. Kasha na feni. Ukiunga mwenyewe chukua kasha linalomeza feni ya milimita 120 na uiache izunguke 600 mpaka 800 kwa dakika. Kubwa ya polepole inasukuma hewa ileile kama ndogo ya mbio na masikio hayaiskii, ile ya milimita 40 ni mbu. Iwe ya pini nne ili mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) iweze kuipunguza yenyewe. Ukichukua vile vidogo vya ofisi vilivyokuja vimefungwa, safisha, badilisha pesti ya prosesa ambayo imekauka tangu Ulaya, basi.

Wanaopenda isiyo na feni kabisa: inawezekana, N100 inakubali, lakini Dar mwezi wa pili sebule bila AC ni nyuzi 32, na ukiifungia kwenye kabati la TV lenye mlango umeoka mkate. Iweke wazi.

7. Programu. LibreELEC, mfumo mwepesi wa kuweka badala ya Windows, ndani yake Kodi ya kuchezeshea muvi, washa ile setingi ya kubadili hezi za TV zifuate video. Ukitaka Netflix ya 4K baki na Windows. Rimoti yoyote ya USB.

Nimemaliza, ulizeni.

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu jumla inakuja bei gani?

Mleta somo: Inategemea siku, duka na mdomo wako. Zungukia maduka matatu.

Kijana_wa_Mbagala: hata makadirio?

Mleta somo: Nikikutajia utaenda kugombana na mtu dukani kwa jina langu. Hapana.

Chuma Chakavu: Somo zuri sana. Mimi nina i7-6700 kama yako, je nikifunga feni tatu za 120 si itatulia?

Mleta somo: Umesoma hatua ya 2?

Chuma Chakavu: nimepitia juu juu

Mleta somo: Basi pitia chini chini.

Bi Mwanahawa: Usimkaripie jamani. Kaka Chuma, mimi nilikuwa na hali hiyohiyo, nikachomeka kadi ya grafiki GT 1030 ile isiyo na feni, ina HDMI 2.0 na inafungua HEVC ya biti 10. Mashine ikanyamaza siku hiyohiyo, sikuuza kitu.

Mleta somo: Asante dada, na ni kweli, nilipaswa kuiandika. Chuma, angalia tu kama kasha lako ni jembamba uchukue kadi fupi yenye kibati kifupi. AV1 haifungui lakini kama huihitaji haikuhusu.

Jamaa wa Boksi: Haya yote ya nini wakati boksi la Android lipo, dogo, halina feni, linacheza 4K?

Mleta somo: Lipo. Nunua.

Jamaa wa Boksi: sasa mbona umekasirika

Mleta somo: Sijakasirika, kichwa cha somo kinasema kompyuta. Boksi likikutosha ni halali yako. Mimi nataka kitu ambacho mwaka wa tano kodeki mpya ikija nafungua kasha nabadilisha, na watoto wanaandikia homuweki humohumo.

Mpiga Picha Moshi: Samahani kaka, mimi ni dada napiga video za harusi, kamera yangu inatoa HEVC biti 10 ya 4:2:2. Nina i5-8500T, kwa somo lako ilipaswa kufungua lakini inapanda 100 na feni inalia. Nimekosea wapi?

Mleta somo: Hujakosea popote dada, hili swali ndo nililolisubiri. Video za kawaida, simu na muvi, rangi zake ni 4:2:0, na kizazi cha 7 na 8 vinaijua hiyo tu. 4:2:2 ina taarifa nyingi zaidi za rangi kwa ajili ya kuhariri, na kipande cha Intel cha mezani kimeanza kuielewa kwenye HEVC kizazi cha 11. N100 nayo inaielewa. Una njia mbili: ubadilishe mashine, au kama ni kumwonyesha mteja tu kwenye TV, ukishahariri toa nakala ya HEVC ya 4:2:0, jicho halitaona tofauti na hiyo 8500T yako italala usingizi. Angalizo, kamera ikiwekwa H.264, kodeki ya zamani, ya 4:2:2 hata N100 haifungui, kwa hiyo usibadilishe setingi ya kamera ukidhani unairahisishia.

Mpiga Picha Moshi: Nimejaribu nakala ya 4:2:0 sasa hivi, iko asilimia 7. Nilikuwa nimeshaagiza feni 😭

Mleta somo: Karibu kwenye chama.

Mtu wa Tanga: Nyongeza kwa wa pwani. Vumbi linaziba hitisinki na kelele inarudi baada ya miezi mitatu. Mimi nimekata chandarua kikuukuu nikakibana mbele ya tundu la kuingizia hewa, kila mwezi nakifua. Kiwe kile cha matundu makubwa, kile kizito kinaziba hewa.

Bi Mwanahawa: Hii nimeiba.

Mzee Kipara: Na sisi ambao chumba cha pili hatuna? Hadidiski yangu inakaa palepale kwenye kabati na usiku mbao yote inavuma.

Mleta somo: Mzee wangu shikamoo. Kinachovuma siyo hadidiski, ni mbao inayopokea mtikisiko. Chukua kandambili iliyokatika mkanda, ile laini, kata vipande vinne saizi ya kizibo cha soda, weka kimoja kila pembe chini ya hadidiski.

Mzee Kipara: Marahaba. Nibandike na gundi?

Mleta somo: Hapana mzee, gundi ikikauka inakuwa ngumu na mtikisiko unapita. Uzito wake unatosha kuvibana. Ila waya wa USB usiuvute ukakaza, uache umelegea, la sivyo mtikisiko utapitia hapo.