Chanjo ya saratani pamoja na kingamwili ya CTLA-4 kwa panya wa maabara

Majuzi nilikaa na mwanafunzi ambaye panya wake wa kundi moja walikuwa na uvimbe mkubwa na mdogo hata kabla ya tiba. Kazi ya mwezi mzima ilipotea.

Mfano tulioutumia unafuata ule wa maabara ya James Allison, mtaalamu wa kinga wa Marekani, 1999: panya weusi wa aina ya C57BL/6, seli za B16 (saratani ya ngozi ya panya, melanoma), chanjo ya seli za B16 zinazotoa GM-CSF (protini inayoamsha seli za kinga), zikiwa zimepigwa mionzi zisizaliane tena, pamoja na kingamwili inayozuia CTLA-4, breki ya seli T za kinga.

Hatua ya 1. Ukishapata kibali cha maadili, panga makundi manne: wasiotibiwa, chanjo tu, kingamwili tu, na vyote viwili. Wasiopata kingamwili hiyo wadungwe nyingine ya kulinganishia, isiyozuia CTLA-4, kwa dozi ileile.

Hatua ya 2. Seli hai za B16 za kuotesha uvimbe. Hapa usikimbie. Zivune zikiwa bado zinakua, zikiwa zimefunika kama 70% ya sakafu ya chupa. Zilizosongamana huota ovyo. Tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chupa) iwe ya muda mfupi, maana B16 hubanduka upesi. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) isiyo na seramu: protini za seramu ya ng'ombe huamsha kinga zenyewe, na utadhani chanjo imefanya kazi. Hesabu; zilizo hai zikiwa chini ya 90%, tupa uanze upya. Weka kwenye barafu, lakini kumbuka kwamba seli hutuama chini ya mrija. Hilo ndilo lililomwangusha mwanafunzi wetu: alitikisa mara moja tu, panya wa kwanza wakapata seli chache na wa mwisho nyingi. Changanya taratibu kabla ya kujaza kila bomba la sindano, na usiache seli ndani ya bomba huku ukimtafuta panya mwingine. Dunga chini ya ngozi ya ubavu. Kimiminika kikivuja, mwondoe panya huyo siku hiyohiyo, si baada ya kuona matokeo. Kwa hiyo andaa panya wa akiba.

Hatua ya 3. Gawa makundi kwa kura, na kila kizimba kiwe na panya wa makundi yote. Anza tiba mapema. B16 hukua kasi mno. Chanjo iende ubavu wa pili, kingamwili tumboni, kisha rudia kila baada ya siku tatu. Kati ya aina mbili za kingamwili ya CTLA-4, mimi huchagua 9D9 kuliko 9H10, kwa sababu 9D9 ni ya panya mwenyewe, ilhali 9H10 ni ya hamsta, mnyama mwingine, na mwili wa panya unaweza kuipinga dozi zikirudiwa.

Hatua ya 4. Pima uvimbe kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili): urefu × upana² ÷ 2. Anayepima asijue kundi. Ukiona manyoya meupe kwa waliopona, andika: kinga imegusa pia seli za kawaida zinazotengeneza rangi ya manyoya.